Maswali ya Wasomaji: Mgambo wa Kapteni Mainwaring na Filamu Yao Mpya

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa zinazohusu jambo moja, nalo ni kuuchukua mchezo wa kuchekesha wa televisheni uliohusu vita, kama Dad's Army wa Uingereza, ambao watu waliupenda kwa miaka mingi, na kuutengeneza upya uwe filamu ya siku hizi. Nimezijibu hapa kwa pamoja.

SWALI: Salaam, Mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mwaka 1974 nilipelekwa masomoni Uingereza, na pale bwenini tulikuwa na televisheni moja, ambayo saa ya Dad's Army ikifika hakuna aliyekubali kubanduka mbele yake. Hivi karibuni mjukuu wangu ameniletea filamu yake ya mwaka 2016, nami nikaketi kuitazama kwa hamu kubwa. Waigizaji ni mahiri na picha ni nzuri, lakini ilipokwisha nilitambua kwamba sikuwa nimecheka hata mara tano. Je, ni uzee wangu au ni filamu yenyewe? – Mwalimu mstaafu, Kongwa

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Uzee wako hauna hatia. Nami nimeitazama filamu hiyo mara mbili, na naamini ulichokihisi kina sababu zinazoelezeka.

Kwanza niwaeleze wasomaji wasioujua mchezo wenyewe. Mei 14, 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa yanaingia Ufaransa, waziri wa vita wa Uingereza, Anthony Eden, alitangaza redioni akiwaomba wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65 ambao hawakuwa jeshini wajitolee kulinda miji na vijiji vyao. Kikosi hicho, ambacho baadaye kiliitwa Home Guard, kilikuwa mgambo kwa maana ile ile tunayoielewa sisi: wazee, vijana ambao umri wao ulikuwa haujatimia na watu ambao kazi zao ziliwazuia kuandikishwa, wakifanya gwaride jioni baada ya kufunga maduka, na hapo mwanzo bila sare wala bunduki za kutosha. Jimmy Perry alikuwa mmoja wa vijana wa kikosi hicho. Miaka mingi baadaye, akishirikiana na David Croft, aliandika habari za mgambo wa mji wa kubuni uitwao Walmington-on-Sea, na BBC ikazirusha kuanzia Julai 31, 1968 hadi Novemba 1977, jumla ya vipindi 80. Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki, Sajini Wilson ni karani wake mkuu, Koplo Jones ana bucha, Frazer anazika watu, Pike ni kijana ambaye mama yake hamruhusu atoke bila skafu shingoni, na Walker ni mlanguzi. Aliyepanga foleni ya sukari hapa nchini mwaka 1983 hahitaji kuelezwa Walker ni mtu wa namna gani.

Sasa nije kwenye hoja yako. Waigizaji wale wa kwanza hawakuwa wakiigiza vita walivyovisoma vitabuni. Arnold Ridley, aliyeigiza mzee Godfrey mpole, alijeruhiwa katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi tena Ufaransa mwaka 1940. John Laurie, aliyekuwa Frazer, alipigana katika vita vya kwanza, na katika vita vya pili alikuwa yeye mwenyewe mgambo. Clive Dunn, yule Koplo Jones wa kuhangaika, alitekwa Ugiriki mwaka 1941 akakaa miaka minne mikononi mwa Wajerumani. Watazamaji nao walikuwa hivyo hivyo: baba aliyeketi sebuleni mwaka 1968 alikumbuka king'ora, mgao wa chakula na giza la usiku wa kuzima taa. Kwa hiyo mzaha ulipotupwa ulianguka mahali palipokuwa tayari na uzito.

Kumbuka kipindi kile cha mwaka 1969 ambacho Godfrey anakiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kubeba silaha. Wenzake wanamtenga, hakuna anayetaka kukaa karibu naye, na kapteni anamsemesha kwa ubaridi. Kisha katika zoezi moja ni yeye anayeingia kwenye moshi kumwokoa kapteni. Wanapokwenda kumjulia hali kitandani, wanaiona picha ukutani: Godfrey akiwa kijana, na kifuani ana nishani ya ushujaa, kwa sababu alikuwa mbeba machela pale Somme akiwatoa majeruhi chini ya risasi. Picha hiyo haitolewi hotuba. Macho ya kapteni yanapotua juu yake, inatosha. Na mwigizaji aliyelala kitandani hapo, mzee Ridley, aliijua Somme kwa kovu la mwili wake. Hakuna mwongozaji wa mwaka 2016, awe na fedha kiasi gani, anayeweza kuinunua hali hiyo.

Sababu ya pili ni muda. Filamu iliyoongozwa na Oliver Parker ina takriban dakika 100, na dakika 100 za sinema hudai kisa kikubwa. Ndiyo maana waandishi wakauweka mwaka 1944, wakamleta jasusi anayepeleka habari Berlin, na mwandishi wa habari mrembo, aliyeigizwa na Catherine Zeta-Jones, anayewapagawisha wanaume wote. Visa vinakimbizana vizuri. Lakini mchezo wa televisheni ulikuwa na nusu saa tu kila mara, na kisa chenyewe kilikuwa kidogo kabisa, kiasi cha mfungwa mmoja au mzinga wa kale, kwa kuwa kazi ya kisa ilikuwa kuwapa wale watu nafasi ya kusuguana.

Msuguano mkubwa ulikuwa kati ya Mainwaring na Wilson, nao ndio moyo wa kila kitu. Mainwaring amepanda kwa jasho lake kutoka shule za watu wa kawaida, naye ndiye mkubwa kazini na katika kikosi. Wilson ni mtoto wa wenye nasaba, amesoma shule za gharama, ana sauti ya upole na kofia iliyoegemea upande, na hana haja ya cheo. Sisi huku Ugogo tungeiona picha hiyo mara moja: mtendaji wa kata aliyejikakamua hadi akapata kiti, na msaidizi wake awe mjukuu wa mtemi. Kila mtendaji akitoa amri kwa sauti kubwa, mjukuu wa mtemi anawaomba watu kwa upole, na watu wanatii ombi kuliko amri. Jambo kama hilo huchekesha kadiri linavyorudiwa, wiki baada ya wiki. Toby Jones (Mainwaring) na Bill Nighy (Wilson) wamelicheza kwa akili sana katika filamu, na nyakati zao wawili peke yao ndizo nilizozipenda, ila kila wakianza, kisa cha jasusi kinawavuta mkono.

Chukua tukio la mwaka 1973 ambalo hata wasioujua mchezo wamesimuliwa. Nahodha wa manowari wa Kijerumani, akiwa mateka, anaandika majina ya wanaomkera katika daftari ili awashughulikie Ujerumani ikishinda. Pike anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Nahodha anauliza jina la kijana huyo, na kapteni, kwa haraka ya kumlinda, anamkataza kijana asijitaje, na katika kumkataza anamtaja. Ukilisimulia hivi linaonekana dogo. Aliyemfuata Mainwaring kwa miaka mitano anajua kwamba mtu huyu hawezi kufanya vinginevyo, kwamba wema wake na kujiona kwake vimefumwa pamoja, ndipo anacheka hadi machozi.

Nina lalamiko moja zaidi. Katika vipindi vyote 80 hatukumwona mke wa Mainwaring. Tulisikia habari zake tu, tukamwona kapteni akinywea anapozungumza naye kwa simu. Filamu imemleta Bibi Mainwaring kwa sura na sauti, tena akiwa shupavu mwenye kikosi chake cha wanawake. Naunga mkono wanawake wa vita wapewe nafasi, kwa kuwa walifanya kazi kubwa na mchezo wa zamani uliwapunja. Lakini nafasi hiyo ingeweza kupewa wahusika wengine, na mlango wa nyumba ya kapteni ukaachwa umefungwa, maana kila mtazamaji alikuwa na mke wake wa Mainwaring kichwani, na wa kwenye filamu hakuweza kufanana na wote.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Ian Lavender, aliyekuwa kijana Pike mwaka 1968, anaonekana katika filamu hiyo akiwa brigedia mwenye mvi, na Frank Williams anarudi kuwa mchungaji yule yule. Nilipomwona Lavender nilisisimka. Alifariki Februari 2024, wa mwisho kati ya wale waigizaji wakuu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba filamu ya 2016 haikuwa ya kwanza? – Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1971 ilitoka filamu iliyoongozwa na Norman Cohen, ikiwa na waigizaji karibu wote wa televisheni. Na mwaka 2019 kituo kimoja cha televisheni cha Uingereza kilivirekodi upya vipindi vitatu vya mwaka 1969 ambavyo kanda zake zilikuwa zimefutwa, kwa maneno yale yale ya zamani na waigizaji wapya. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya adabu zaidi, kwa sababu waigizaji wapya waliletwa kujaza pengo lililokuwepo kweli.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninasoma sanaa za maonyesho hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mimi na wenzangu tunataka kuandika filamu ya kuchekesha kuhusu mgambo wa kijiji wakati wa Vita vya Kagera. Mzee mmoja nyumbani kwetu amekasirika, anasema vita si jambo la kuchekea. Tufanye nini? – Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee huyo msikilizeni kwanza, tena kwa muda mrefu, maana hasira yake ni sehemu ya kazi yenu. Hofu kama yake iliwapata hata wakubwa wa BBC mwaka 1968: waliogopa kwamba taifa lingeona linakejeliwa katika saa yake ngumu, hivyo picha za wakimbizi na za askari wa Hitler zikaondolewa mwanzoni mwa kipindi, na kipindi cha kwanza kikaanza kwa wahusika wakiwa wazee wa mwaka 1968, ili mtazamaji ajue kwamba watu hawa wanakumbukwa kwa heshima.

Vita vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa mbali na huku kwetu kwa ramani, lakini si kwa watu, kwa kuwa maelfu ya mgambo walijiunga na JWTZ na wengine hawakurudi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Baba yangu mdogo alifanya mafunzo ya mgambo kwenye uwanja wa shule yetu, akiwa amebeba gongo lililochongwa mfano wa bunduki, na alilipaka mafuta ya kupikia ili ling'ae kama chuma. Mama mkubwa alimgombeza kwa kumaliza mafuta. Sisi watoto tulicheka sana. Kisha asubuhi moja lori likaja, akapanda, na lile gongo likabaki limeegemezwa nyuma ya mlango kwa miezi mingi, na hakuna aliyethubutu kulitia jikoni hata siku kuni zilipokosekana.

Nimekusimulia hilo ili uone kwamba kicheko na kilio vilikuwa katika kitu kimoja. Msiwacheke watu hawa kwa ujinga wao. Chekeni pamoja nao katika udogo wa vifaa vyao na ukubwa wa nia yao. Hatari nayo lazima iwe ya kweli. Mainwaring huchekesha kwa sababu tunajua kwamba Wajerumani wangekuja kweli angesimama barabarani na bastola yake hadi afe. Na tafadhali msimlete jasusi mrembo. Kijiji chenu kina mwenyekiti, mwalimu mkuu, mwenye kilabu cha pombe na mama anayempelekea mwanawe uji lindoni; hao wanatosha kwa filamu nzima.

SWALI: Kikundi chetu kinataka kutengeneza filamu kutokana na mchezo wa zamani wa redio. Je, tunahitaji ruhusa ya mtu? – Kikundi cha sanaa, Chamwino

JIBU: Mnaihitaji. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mchezo kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa wa kila mtu. Andikeni barua kwa kituo kilichourusha na kwa mwandishi au warithi wake, na mpate ushauri COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Wazo la jumla, kama vile wajanja wawili wanaodanganyana, halina mwenyewe. Maneno, wahusika na visa vilivyoandikwa vina mwenyewe. Bodi ya Filamu nayo inataka muombe kibali kabla ya kuanza kupiga picha, na filamu ikikamilika ipelekwe ikaguliwe na kupangiwa umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa mahali popote, hata katika kibanda umiza. Kama kuna tukio la askari, elezeni jambo la mavazi katika maombi yenu tangu mwanzo, kwa sababu raia haruhusiwi kuvaa kinachofanana na sare za jeshi hivi hivi, na msimpelekee fundi kitambaa kabla kibali hakijawafikia mkononi.