"Russia" ya Kisumu na kazi ya maafisa wa diplomasia ya umma

Mwenzetu wa Maseno ameuliza kama maafisa wa diplomasia ya umma, wale wa ubalozini wanaoshughulika na raia badala ya serikali, wana uzito wowote kwenye sera ya nje, au kazi yao ni kupiga picha na kugawa ufadhili wa masomo. Jibu lianzie hapa hapa Kisumu.

Mwambie mtu wa boda akupeleke "Russia". Atakufikisha Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga bila kuuliza swali la pili. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ikafunguliwa mwaka 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vifo. Muungano wenyewe ulisambaratika 1991, ila jina lingali mdomoni mwa watu. Hakuna tangazo la redio linalonunua kitu kama hicho. Lakini tazama na upande wa pili: kufikia siku ya ufunguzi, Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya na mlango mkuu wa misaada ya kambi ya mashariki, alikuwa ameshatoka serikalini tangu 1966. Moscow ilipendwa Nyanza, Nairobi ikaegemea magharibi. Kupendwa na wananchi ni mtaji tu. Kuutumia au kuupoteza ni kazi ya sera.

Jina "diplomasia ya umma" kwa maana ya sasa lilianza kutumika Marekani mwaka 1965, kupitia Edmund Gullion wa Chuo Kikuu cha Tufts. Balozi wa kawaida huzungumza na serikali. Maafisa wa diplomasia ya umma huzungumza na raia, waandishi, vyuo na makanisa. Katika ubalozi wa Marekani kitengo hiki huwa na mkuu wake, kisha upande wa habari na upande wa utamaduni na elimu. Chini yao wapo wafanyakazi wenyeji, na kwangu hao ndio nguzo. Afisa mgeni hukaa miaka miwili au mitatu akahamishwa. Mkenya aliyeko hapo miaka 15 ndiye anayejua mtangazaji gani wa Kidholuo anaaminika, askofu gani asialikwe meza moja na nani, na kwa nini mkutano usiwekwe siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Mgeni asiyemsikiliza huyo huharibu kazi mapema.

Kazi yenyewe huanza kwa kusikiliza, na hapa ndipo ilipo nguvu yao kwenye sera. Kila asubuhi balozi anapaswa kupata nusu ukurasa: nini kimesemwa kuhusu nchi yake, nani kakisema, nani anakirudia, kipi kijibiwe leo na kipi kiachwe kife chenyewe. Kosa la kawaida ni kusoma magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na mitandao peke yake. Bondo haiongei hivyo, Kapsabet haiongei hivyo. Usiposikiliza Ramogi, Mulembe na Kass, redio za Kidholuo, Kiluhya na Kikalenjin, unaiandikia makao makuu taarifa ya mtaa mmoja ukiita nchi nzima.

Edward R. Murrow, aliyeongoza shirika la habari la serikali ya Marekani kuanzia 1961 hadi 1964, anakumbukwa kwa kudai watu wake washirikishwe ndege inapopaa, yaani sera inapopangwa, wasiitwe tu inapoanguka. Uvamizi dhidi ya Cuba wa Aprili 1961, ulioungwa mkono na Marekani ukashindwa, ulikuwa umeonyesha sababu. Shirika hilo lilivunjwa 1999 na kazi zake nyingi zikaingizwa wizara ya mambo ya nje. Maafisa walisogea karibu na meza ya uamuzi, ila wakapoteza bajeti na sauti yao wenyewe. Kwa maoni yangu hasara ilizidi faida.

Ujumbe haushindi sera. Vibandiko vya USAID, shirika la misaada la Marekani, vilisema msaada umetoka kwa watu wa Marekani, na kanda hii ya ziwa iliviona kwa miaka mingi kwenye kliniki za ARV. Fedha zilipokatwa 2025, hakukuwa na taarifa kwa wanahabari ambayo ingefunika hilo.

Mfano uliopangwa vizuri uko Njoro. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Egerton, kituo cha lugha na utamaduni wa Kichina, imeunganishwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Wachina hawakuleta lugha pekee. Walipitia kilimo, jambo ambalo Egerton na wakulima wa Nakuru tayari wanalijali. Mlango wako uwe ule ambao mwenyeji huupitia kila siku.

Kwa anayeandaa shughuli ndogo, tuseme mjadala wa chuo au ruzuku ya kikundi cha vijana: jipe wiki sita. Mbili za kwanza ni za kuzunguka bila kamera, ofisi ya gavana, chuo, wazee, viongozi wa dini. Kaunti ikisikia habari redioni kabla ya kupata barua, umeshajiwekea mpinzani. Ya tatu na ya nne, andaa ujumbe kwa lugha ya wasikilizaji, na mpe mtu wa pili aurudishe kwa maneno yake mwenyewe. Asipouelewa, uandike upya. Kama kuna safari ya nje, zungumza na kitengo cha viza mapema, kwani kijana aliyeteuliwa kwa shangwe na ubalozi kisha akanyimwa viza na ubalozi huo huo huwageuza jamaa zake wote. Hesabu ya viti vilivyokaliwa haipimi chochote. Rudi baada ya miezi sita uulize nani bado anawasiliana na nani.

Sisi wenyewe tuko wapi? Sera ya nje ya Kenya ya 2014 iliweka nguzo tano: uchumi, amani, mazingira, utamaduni na diaspora. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa na walimu wa Kiswahili ughaibuni wanaitekeleza bila cheo. Kisumu ina udugu na Roanoke, Virginia, na 2022 ikapokea mkutano wa Africities. Kukutanisha watu tunajua. Kuandika walichotuambia na kukifikisha wizarani ndiko kunakotupiga chenga.

Kama unataka kuingia kazi hii, anza Jumatatu. Chagua nchi moja, sikiliza taarifa za asubuhi za vituo viwili vya redio vya lugha za kwenu kwa wiki mbili, na kila siku andika nusu ukurasa kana kwamba balozi wake atausoma saa mbili kamili. Weka hapa ule wa siku ya kumi tuuchambue.