Zabibu za nyumbani Arusha na Moshi: mkasi kwanza, mbolea baadaye

Wakuu mnaoanza kupanda zabibu Njiro, Sakina, Moshi mjini na kwingineko, muelewe huku siyo Dodoma. Kule pakavu na jua la kutosha, wanavuna hata mara mbili kwa mwaka, sisi tuna masika ya nguvu halafu Juni mpaka Agosti ni mawingu na baridi, ukifuata maelekezo ya kule kama yalivyo utalaumu mche bure.

Pingili, yaani kipande cha tawi cha kupanda, omba kwa mtu ambaye mzabibu wake umeshazaa, unene wa penseli, macho (vile vifundo vinavyochipua) matatu au manne, mawili yanafukiwa. Angalia usipande kichwa chini, inatokea sana hiyo. Shimoni weka samadi iliyoiva inatosha, udongo wetu wa volkano una rutuba tayari, ukizidisha yurea na mbolea ya kuku utavuna majani.

Sasa kupogolea, yaani kupunguza matawi. Hapa wengi wanakwama kwa huruma tu, mzabibu umefunika paking vizuri, kivuli safi, nani akate? Ila mashada yanatoka kwenye chipukizi jipya linaloota kwenye tawi la msimu uliopita, siyo kwenye gogo la zamani, na huku kwetu hakuna winta ya kuupumzisha, kwa hiyo mkasi wako ndo winta yenyewe. Kata masika yakiisha, Juni hivi, ili matunda yaive kabla vuli haijakolea. Yale matawi ya kahawia ya msimu uliopita bakiza macho mawili matatu kwa kila moja, vitawi vyembamba ondoa vyote. Patadondoka maji pale ulipokata, usipaniki, yatakata yenyewe. Kama umefanya hivyo na bado hakuna shada, msimu ujao acha macho sita au nane maana kuna aina macho ya chini hayabebi kabisa.

Ukiona unga mweupe kwenye majani au vitunda vinapasuka vikiwa bado vidogo, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, nenda duka la pembejeo chukua dawa ya salfa, piga asubuhi siyo jua la saa saba, na punguza majani yanayobana mashada upepo upite.

Anayetaka kivuli tu cha baraza aache ujiachie, ila asidai matunda.

Na msivune kwa kuangalia rangi jamani, zabibu ikishachumwa haiivi tena, onja punje ya nchani mwa shada, hiyo ndo inachelewa, ikiwa tamu kata shada zima, ndege wakikuwahi usishangae, funika neti mapema.