Ruzuku ya bustani kando ya Mto Auji

Dada, umeuliza kikundi chenu cha Nyalenda, Kisumu, kitapataje ruzuku ya serikali ili ukingo wa Mto Auji upandwe miti na maji yasiendelee kuingia kwenye nyumba.

Kwanza jueni njia ya hizo pesa. Katika FLLoCA, mpango wa Kenya wa kugharamia hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, unaosimamiwa na Hazina ya Taifa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wengineo, fedha haziwekwi kwenye akaunti ya kikundi. Huenda kwa kaunti, na miradi hupendekezwa kupitia kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi. Mtafuteni mwenyekiti wa kamati hiyo wiki hii, mwulizeni mipango ya wadi itapitiwa lini, kisha mjitokeze kwa wingi, akina mama na wazee wakiwemo. Barua nzuri bila watu mkutanoni haifiki mbali.

Linaloniumiza zaidi ni ardhi, maana hapo ndipo miradi mizuri hufia. Ukingo wa mto si wenu hata mkiufagia kila Jumamosi. Pateni maandishi kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ofisi ya ardhi ya kaunti, na mzungumze mapema na wanaolima au kuuza hapo. Wakifukuzwa ndipo miti ipandwe, mtakuwa mmejenga uadui.

Bajeti iandikeni ikiwa na umwagiliaji na mlinzi wa miche kwa miaka miwili angalau. Picha za mafuriko zenye tarehe ziambatanisheni.