Je, kurudia njia ile ile kunalaza misuli?

Swali: Habari kocha. Naishi Shabab, Nakuru, na kwa zaidi ya mwaka mmoja naendesha baiskeli kwenda Njoro na kurudi, asubuhi nne kwa wiki. Tangu mwezi wa tano muda wangu umekwama, haupungui. Mwalimu wa gym tunayeshiriki naye kundi la WhatsApp aliniambia mwili ukishazoea njia, misuli inalala, kwa hivyo nibadilishe njia kila siku ili kuichanganya. Aliniuzia ratiba na unga wa kuchanganya na maziwa. Kwa wiki mbili nimepanda Menengai, Dundori na barabara ya Subukia. Sasa goti la kushoto linauma kwa mbele, chini kidogo ya kifuniko cha goti. Je, nirudi Njoro, au nivumilie mpaka mwili uzoee?

Jibu: Usivumilie. Goti lako nitalifikia, lakini kwanza hilo la misuli kulala, kwa sababu hunifikia kila wiki kwa sura tofauti na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu mwenye ratiba ya kuuza.

Misuli haina habari na barabara. Haijui kama uko Njoro au Dundori. Inachojua ni mzigo: imesukumwa kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na imepata mapumziko kiasi gani kabla ya kusukumwa tena. Mzigo ukibaki ule ule kwa miezi, mwili unaumudu na hauna sababu ya kujiongeza. Hilo ndilo lililokukuta. Asubuhi nne kila wiki unatoka saa ile ile, unakwenda kwa mwendo ule ule, unarudi. Ungefanya hivyo kwenye barabara mpya kila siku, kwa mwendo huo huo, ungekwama vile vile, ila usingejua kwamba umekwama kwa sababu usingekuwa na cha kulinganisha.

Watu hawaamini jinsi barabara moja inavyoweza kubeba mazoezi tofauti kabisa. Chukua kipande tambarare cha njia yako. Leo unakipita kwa kilomita 25 kwa saa, kesho kwa 30. Machoni ni nyongeza ndogo, asilimia 20 tu. Lakini nguvu unayotumia kupasua hewa haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa kipeo cha tatu. Ongeza mwendo kwa asilimia 20 na nguvu inayokwenda kwenye hewa inaongezeka kwa karibu asilimia 73. Lami ni ile ile, mti wa kona ni ule ule, na miguu iko kwenye kazi nyingine kabisa. Kisha kuna mwinuko. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari na Njoro imepita mita 2,100. Unapanda bila kuona kilima, na ndiyo maana njia hiyo ni nzuri sana kwa mazoezi ya muda mrefu yasiyokatizwa. Mtu aliyekuambia uitupe hajakaa juu ya kiti akaipima.

Kinachoniudhi zaidi ni ule ushahidi wanaoutoa. Mtu anapelekwa njia mpya yenye mlima, kesho yake miguu inauma, mwalimu anamwambia: umeona? misuli imeamka! Yale maumivu ya kesho yake huja hasa pale msuli unapovutwa huku unajaribu kujizuia, kama vile mkimbiaji anaposhuka mteremko. Kwenye baiskeli msuli unasukuma huku ukijifupisha, kwa hivyo mwendesha baiskeli aliyefanya kazi ya maana sana anaweza kuamka kesho bila maumivu yoyote. Ukitumia maumivu kama kipimo cha mazoezi utakuwa unatafuta maumivu, na hatimaye utayapata mahali pabaya. Wewe umeyapata gotini.

Angalia wanaofanya kazi hii kwa kiwango cha juu. Eliud Kipchoge na wenzake wa kambi ya Kaptagat wanajulikana kwa ratiba isiyobadilika: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayewaambia misuli yao imelala. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa na mlima mmoja karibu na Monaco, Col de la Madone, aliokuwa akiupanda kujipima kabla ya mashindano makubwa. Aliupanda kabla ya Tour de France ya 2013, akaenda akaishinda, na baadaye akashinda nyingine tatu. Kama alikuwa ameuzoea mlima huo, ndiyo ilikuwa maana yake: ukiujua mlima, kinachobaki kubadilika ni wewe.

Hiyo ndiyo faida ya Njoro ambayo hujaitumia. Chagua kipande kimoja cha njia, cha dakika 15 hadi 20, kuanzia alama usiyoweza kuikosea hadi alama nyingine, mahali ambapo hulazimiki kusimama kwa ajili ya matatu. Kila baada ya wiki tatu au nne kipande hicho kiendeshe kwa bidii, saa ile ile ya asubuhi kabla upepo haujaanza, tairi zikiwa na upepo kiasi kile kile, na usiku uliotangulia uwe umelala vizuri. Andika muda na mapigo ya moyo. Muda ukipungua, umeendelea. Muda ukibaki pale pale lakini moyo unapiga mara chache zaidi, umeendelea pia, na hili wengi hawalioni kwa sababu wanatazama saa peke yake. Siku nyingine usiipime. Anayejipima kila asubuhi anashindana kila asubuhi, na mwili haupumziki.

Sasa goti. Maumivu ya mbele, chini ya kifuniko, yaliyoanza mara tu baada ya kuingia milimani, kwa kawaida yanatoka kwenye mambo matatu: kiti kiko chini, gia ni nzito, na mzigo umeongezeka ghafla. Kwa maelezo yako nashuku yote matatu yamekutana.

Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa Nakuru ni za mitumba, na zimekuja na gia za nchi tambarare: sahani za mbele za meno 53 na 39, na nyuma gia kubwa kabisa ikiwa na meno 23 au 25, nayo ni nzito mlimani. Kwenda Njoro inakubali. Ukiipeleka Menengai, ambako ukingo wa kreta uko mita 2,278, unapanda zaidi ya mita 400 kutoka mjini kwa kilomita chache tu, na miguu inaanza kuzunguka polepole kama mtu anayesaga mahindi kwa mkono. Kwa nguvu ile ile, ukizungusha pedali mara 45 kwa dakika badala ya 90, kila msukumo unabeba nguvu maradufu, na nguvu hiyo inapita kwenye kano, ule mshipa mgumu ulio chini ya kifuniko cha goti. Misuli huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache. Mishipa ya aina hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo ulijisikia una nguvu za kupanda Dundori keshoye wakati goti halikuwa tayari.

Nenda kwa fundi akuwekee nyuma gia zenye meno hadi 28 au 32. Kabla hajafunga, muulize kama kidude cha kubadilishia gia cha nyuma kinaweza kubeba ukubwa huo, maana vingine haviwezi. Mbele, ukipata sahani za 50 na 34, ni bora zaidi. Ukipanda, jaribu pedali zisishuke chini ya mizunguko 70 kwa dakika. Zikishuka na huna gia nyingine, shuka utembee. Hakuna aibu.

Kiti nacho ukipime mwenyewe. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kigote juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Kama umepata sentimita 80, jibu ni kama sentimita 70.6, nao ndio umbali kutoka katikati ya ekseli kuu, ile ambayo mikono ya pedali huizunguka, hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa bomba la kiti. Hapo ni pa kuanzia tu. Panda, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Kama goti bado limekunjika, kiti kiko chini. Pandisha kwa milimita tano, endesha siku kadhaa, ndipo uguse tena. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepitiliza, teremsha kidogo. Wanaopandisha kiti sentimita tatu kwa mara moja kwa sababu ya ushauri wa kwenye simu hunijia wakiwa na tatizo jipya.

Kwa wiki mbili zijazo rudi Njoro, taratibu, gia nyepesi, na ukisikia maumivu yanaongezeka ukiwa njiani, geuza. Goti likitulia, zile asubuhi nne zifanye hivi: mbili za mwendo mwepesi kabisa wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, moja ya kazi, dakika nane za bidii mara tatu au nne, na dakika nne za kupumzika katikati, kwenye kile kipande kinachopanda, na ya nne iwe njia mpya. Ndiyo, njia mpya. Sikatazi hata kidogo. Barabara usiyoijua inakufundisha kusoma kona na kuchagua gia kabla ya mlima kukufikia, na inakuondolea uchovu wa akili ambao hakuna ratiba inayoutibu. Tunaishi mahali ambapo ukigeuka upande mmoja unakwenda kwenye baridi ya Mau Narok, na ukigeuka mwingine unateremka Mogotio hadi kwenye joto la Marigat. Ningehuzunika mtu akiishi Nakuru bila kuziona. Lakini ichukue kama siku ya kujifunza, uende polepole, na uhesabu mwinuko wake kama mzigo kamili.

Marigat ni mfano mzuri. Kwenda ni raha, unateremka karibu muda wote. Mji wenyewe uko juu kidogo tu ya mita 1,000, kwa hivyo kila mita uliyoteremka kwa raha utaipanda ukirudi, mchana, kwenye jua, na maji yakiwa yameisha. Mara ya kwanza panga kurudi kwa matatu inayokubali kubeba baiskeli. Subukia nayo ina mteremko mkali wenye kona, na changarawe hukusanyika hasa mahali unapohitaji breki. Teremsha mara ya kwanza kana kwamba kila kona ina lori, kwa sababu huenda lipo. Na ile barabara kuu ya Nakuru kwenda Salgaa na Mau Summit, pamoja na malori yake na historia yake ya ajali, msiifanye ya mazoezi hata kama ratiba ya mtu imeandika "njia mpya". Kuna vijana wanaopelekwa huko na watu ambao hawajawahi kupita hapo isipokuwa kwa gari.

Kuhusu unga: kama hauna lebo inayosema kilichomo, usiuweke mdomoni. Maziwa, mayai, ndengu na ugali vinatosha kabisa kwa mtu anayeendesha asubuhi nne kwa wiki. Anayekuuzia ratiba na unga kwa pamoja ana sababu ya kukuambia kwamba mwili wako umelala.

Lakini kinachonitia hofu kuliko unga ni hatua inayofuata, kwa sababu naiona ikifuata. Goti linauma, ratiba inasema leo ni Menengai, na jirani anapendekeza sindano ya diklofenaki pale dukani ili "uende tu". Maumivu yanatoweka kwa siku moja na jeraha linabaki pale pale, sasa likisukumwa bila mlinzi. Dawa za aina hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa na maji baada ya kukaa juani kwa muda wa saa tatu, zinaweza kuumiza figo. Usichome sindano ili uweze kuendesha. Na kama goti limevimba, linakwama ukilikunja, linakuachia ghafla ukishuka ngazi, au linakuamsha usiku, usisubiri zile wiki mbili nilizokupa: nenda hospitali uonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na umweleze wazi ni siku gani ulianza milima na gia gani ulikuwa nazo.