Kupima mayai kwenye IVF ukiwa umeshavuka 40

Dada, umeuliza kama ukiwa na miaka 42 kupima mayai kutakuongezea nafasi ya kupata mtoto. Mimi nilifanya IVF (kurutubisha mayai nje ya mwili) na kipimo hicho nikiwa rika lako, na jibu langu ni kwamba hakitengenezi yai zuri hata moja. Kinachagua tu katika hayo uliyonayo.

Mayai yetu tulizaliwa nayo. Protini zinazoshikilia kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) humo ndani hulegea kadiri miaka inavyokwenda, na yai linapokomaa kromosomu moja huweza kwenda upande usio wake. Ndiyo maana kwa umri wetu zaidi ya nusu ya viinitete (mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua) huwa na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Vingi havishiki kabisa, vingine hushika halafu mimba inatoka.

Yai lenyewe hupimika kwa kuchukua vile vijipande viwili linavyovitoa pembeni, ila hapo unajua upande wa mama tu. Kliniki nyingi siku hizi husubiri kiinitete kifike siku ya 5 au ya 6, wananyofoa seli chache za tabaka la nje, kisha kinagandishwa hadi majibu yatoke.

Jiandae kwa simu za maabara. Kila wakipiga idadi imepungua: mayai yaliyotolewa, yaliyorutubishwa, viinitete vilivyofika siku ya 5. Halafu inakuja karatasi ya majibu, kila kiinitete na mstari wake. Kwangu mmoja ulisema kromosomu ya 16 imezidi, mwingine ya 22 haipo, na mmoja uliandikwa "mozaiki", yaani seli nyingine nzima, nyingine hapana. Huyo mozaiki usikubali atupwe haraka (naona nimeshamwita mtu!). Tangu 2015 kuna taarifa za watoto wazima waliotokana na viinitete vya aina hiyo.

Utafiti wa ESTEEM wa 2018 ulipima mayai ya wanawake wa miaka 36 hadi 40. Waliopata mtoto ndani ya mwaka walikuwa asilimia 24, waliopima na wasiopima sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye mimba kutoka: asilimia 7 kwa waliopima, 14 kwa wasiopima. Mimi nilishapoteza mimba, na hiyo ndiyo iliyonifanya nipime. Sikutaka kulipitia tena kama lingeweza kuepukika.

Kwa hiyo usilipie mapema. Waambie mngoje muone vingapi vimefika siku ya 5. Kama ni kimoja au viwili, mimi ningeomba vipandikizwe hivyohivyo, maana kunyofoa seli, kugandisha na kuyeyusha navyo vina hatari zake. Vikiwa vingi, pima, utaokoa miezi ya kupandikiza vyenye kasoro ya kromosomu.

Na mimba ikishika, vipimo vya ujauzito usiviache hata kama karatasi ilisema kizima. Seli walizopima ni za upande wa kondo la nyuma, si za mtoto mwenyewe.