Ritani ya VAT imekataa faili lako? Anza na tarehe

Juzi dada mmoja wa Mbale kanitumia meseji WhatsApp, "kaka, faili limetoka vizuri kwenye programu ya hesabu, nikiliweka kwenye fomu ya URA linaleta makosa mpaka basi, na tarehe 15 ndio hiyo inakuja." Nikamjibu kwa voisi ndefu, halafu nikaona bora niandike tu maana wengi mnauliza hilohilo. Ritani ni ile taarifa ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, unayopeleka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kila mwezi, mwisho tarehe 15.

Mimi hii kitu nimeijulia kwa Haji mmoja wa Ndeeba, anauza mabati na saruji. Kabla yangu alikuwa na mshauri wa kodi, mtu wa tai na gari, aliyenicheka mbele ya Haji, "huyu wa diploma atajua nini?" Sawa. Sasa huyo msomi ndiye alimwambia Haji kwamba fomu inakataa TIN za wateja, yaani namba zao za mlipakodi, kwa sababu ni feki! Haji wa watu akaanza kuwapigia wateja wake wa miaka na miaka anawagombeza, wengine wakahamia duka la jirani mpaka leo. Nilipofungua faili TIN zote zilikuwa nzima, ila mwisho wa kila moja kuna nafasi tupu, maana karani wa duka alikuwa anazikopi kutoka kwenye meseji. TIN ina tarakimu 10, macho yanaona 10, kompyuta inahesabu 11. Weka LEN, fomula ya Excel ya kuhesabu herufi, kwenye kolamu ya pembeni, ikitoka 11 umemkamata mchawi. Kwa kawaida TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, inatosha, ikigoma ujue ile nafasi ni ile ya kwenye kurasa za mtandao, ikopi yenyewe halafu ifute yote kwa mara moja pale pa kutafuta na kubadilisha.

Lakini hiyo ni ndogo, balaa lilikuwa kwenye tarehe. Programu ya Haji ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku, na Excel ya laptopu yetu inasoma kama sisi Uganda, siku kwanza. Kwa hiyo invoisi ya 3 Agosti imeandikwa 08/03, Excel inasema aah, hii ni 8 Machi, inaipokea bila kelele. Ya 13 Agosti ni 08/13, mwezi wa 13 haupo, basi inaiacha kama maandishi tu na fomu inaikataa. Umeona mtego? Zinazokataliwa ni za kuanzia tarehe 13, na hizo ndizo mshauri wa tai alikuwa anazirekebisha kwa mkono moja moja, za mwanzo wa mwezi akaziacha zimetawanyika kuanzia Januari mpaka Desemba maana kwa macho zinaonekana tarehe safi. Mi nilitambua kwa kitu cha kijinga, ukiwa hujagusa mpangilio wa seli, tarehe ya kweli inalala kulia na maandishi yanalala kushoto, kolamu moja ikiwa na upande huu na upande ule basi faili limeshaharibika, usirekebishe seli hata moja.

Dawa yake ni kutolifungua faili la CSV, lile la maandishi matupu linalotoka kwenye programu, kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, ingia Data, ulilete kutoka huko, na ukiulizwa aina ya kolamu, tarehe iambie mwezi-siku-mwaka, TIN na namba za invoisi iambie maandishi. Namba ndefu hasa. Kuanzia tarakimu 12 Excel inaweza kukuonyesha namba iliyofupishwa, zile E+11, ukisevu CSV hivyohivyo tarakimu zimepotea, na zikipita 15 za mwisho zinageuka sifuri.

Halafu VAT. Angalia kama bei zimetoka na kodi ndani au bila kodi. Mauzo ya 118,000 yenye kodi ndani, kodi yake ni 18,000, ukiyaingiza kama bei tupu utatozwa 18% juu yake, 21,240. Hapo fomu hailalamiki hata kidogo! Ndio maana nasema linalokataliwa linakupenda, linalopita kimya ndilo linakusubiri mbele, kwa sababu tangu 2021 EFRIS, mfumo wa invoisi za kielektroniki, ipo na URA wanaona invoisi zenyewe. Kabla hujapakia linganisha jumla ya mauzo na idadi ya invoisi kwenye programu, kwenye faili na kwenye EFRIS. Shilingi ikitofautiana, simama.

Na vijana wa uhasibu naomba tusikilizane. Mteja anakuachia jina lake na biashara yake, wewe unafungua faili tarehe 14 saa nne usiku, umeme ukikatika unalaumu mtandao, alafu faini na riba ya 2% kwa mwezi analipa nani? Acheni kujificha nyuma ya tai. Muulize mteja, muulize karani, fungua faili ulitazame!

Haji bado niko naye, na ritani ya mwezi uliopita imepita mara ya kwanza tu. Mshauri simtaji.

Dada wa Mbale, nitumie safu chache za hilo faili, futa majina ya wateja kwanza, na ulitoe upya kwenye programu, usinitumie lile ulilokwisha kulishika.