Jibu la msomaji: Hesabu herufi kwanza, maua baadaye

Wiki hii mmeuliza: "Mtu anayechora kwa mkono kurasa zenye picha na maandishi ya mapambo, mawazo ayatoe wapi?" Swali limenigusa, maana jibu linalosikika kila pembe ni simu. Fungua simu, tafuta, nakili waridi. Waridi lile lile limeshajaa kwenye kadi za harusi, vibao vya saluni na mabango ya mahafali, na huku kanga imeanikwa kambani hatua tatu kutoka mezani. Basi jibu langu la kwanza ni kanga. Lakini nitaomba kujibu na lile ambalo hamkuuliza: kwa nini ukurasa huharibika hata pale mawazo yanapokuwa tele?

Kanga ni ukurasa uliokwisha kupangwa. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi yanayokaa juu kidogo ya pindo la chini. Kipimo chake ni kama sentimita 150 kwa 110. Gawa kwa 5, unapata 30 kwa 22. Karatasi ya A4 iliyolazwa ni 29.7 kwa 21. Maana yake, chochote unachokipima kwenye kanga ukikigawa kwa 5 kinahamia kwenye karatasi ya kawaida na uwiano wake haupotei. Pima upana wa pindo, pima kimo cha herufi, kisha pima nafasi tupu iliyoachwa kati ya jina na maua. Hiyo nafasi ndiyo inayosahaulika. Watu hunakili korosho, lile pambo lenye umbo la korosho, hunakili nyota, utupu hawaunakili, halafu wanashangaa kwa nini ukurasa wao unabana pumzi.

Pindo lianzwe kwenye pembe, si mwanzo wa mstari. Chora pembe nne zifanane, ndipo upime urefu uliobaki kati ya pembe na pembe. Zikibaki sentimita 24, ua la sentimita 3, 4 au 6 litaingia kamili. La 5 litakuachia ua la mwisho lililokatwa. Ukianzia kona ya juu kushoto ukazunguka hadi kurudi, kosa lote litakusanyika kwenye kona ile ile uliyoanzia, na hapo ndipo jicho la msomaji hufikia kwanza.

Kwa ukurasa wa kusimama, mfano mzuri kuliko kanga ni milango ya kuchongwa ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Miimo miwili ni mapambo ya pembeni, kizingiti cha juu ni kichwa cha habari, na mfaa, ule mti wa katikati unaogawa mbao mbili, unagawa ukurasa wako safu mbili. Ila nakshi ya mlango husomeka kwa kivuli cha kina chake. Ukiichora kwa mstari mtupu inalala bapa. Jaza wino mweusi nyuma ya majani, uyaache majani yenyewe meupe.

Sasa nije kwenye kisa kinachonirudia kila swali hili linapoulizwa. Kulikuwa na gazeti la ukutani la shule moja ya msingi huku pwani, limechorwa na wanafunzi kwenye karatasi ya manila yenye upana wa sentimita 60. Walikuwa wameshamaliza pindo, sentimita 6 kila upande, na lilikuwa pindo zuri sana: korosho nyekundu na nyeusi, pembe zimelingana, hakuna ua lililokatwa. Zilibaki sentimita 48 katikati za kuandikia kichwa: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Mwanafunzi mwenye hati nzuri kuliko wote akakabidhiwa brashi. Akaanzia kushoto, herufi kubwa za kupendeza, kila moja ikichukua sentimita 2 na nusu pamoja na nafasi yake. HARAKA ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. HAINA ikakaa. Alipofika BARAKA alikuwa ameshatumia sentimita 45. B ikaingia, ikabaki nusu sentimita, halafu pindo. Herufi tano zilizobaki zikapandishwa juu ya korosho hadi ukingoni mwa karatasi, kila moja sentimita 1.3, zimebanana kama abiria wa jioni. Darasa zima likanyamaza. Kila mtu alisoma maana ya sentensi na kuona ilivyoandikwa, na yule mtoto akaweka brashi chini.

Hakukosa mawazo mtoto yule, wala hakukosa mkono. Alichokosa ni hesabu ya dakika mbili. Herufi ya kawaida ihesabu 1. I ihesabu nusu. M na W, moja na nusu. Nafasi kati ya maneno, nusu. HARAKA ni 6, nyingine 6, HAINA ni 4 na nusu, BARAKA ni 6. Ongeza nafasi tatu, yaani 1 na nusu. Jumla 24. Sentimita 48 kwa 24 ni sentimita 2 kila herufi, basi. Katikati ya mstari, yaani fungu la 12 kati ya 24, inaangukia katikati ya A ya mwisho ya HARAKA ya pili. Weka A hiyo kwenye mstari wa kati kwa penseli, kisha andika kwenda kulia, na kwa kurudi nyuma kwenda kushoto. Kosa likitokea litagawanyika pande mbili, halitaonekana.

Kwenye ile manila dawa ilipatikana. Kichwa kilikatwa, kikabandikwa kipande kipya, na maneno yakagawanywa mistari miwili. HARAKA HARAKA ni 12 na nusu, HAINA BARAKA ni 11. Sentimita 48 kwa 12 na nusu ni 3.8: herufi zikawa karibu mara mbili ya zile za mstari mmoja, bila kugusa pindo. Mstari wa pili ukaacha sentimita 3 kila upande, na humo ikaingia korosho moja kushoto na moja kulia. Zile korosho mbili ndizo watu walizozisifu kuliko kitu chochote. Zilizaliwa na nafasi iliyobaki.

Na kisa hicho hicho kinanilazimisha kulegeza nilichoanza nacho. Hesabu A katika ile sentensi. Ni 11 kati ya herufi 23. Kiswahili ndivyo kilivyo, karibu kila neno linafungwa na irabu na A imetapakaa. Alfabeti za mapambo zilizoundwa kwa lugha nyingine mara nyingi huipamba A kupita kiasi, mikia na majani, kwa kuwa ndiyo inayofungua orodha. Ukiitia A hiyo katika HARAKA, nusu ya mstari inageuka kichaka. Hapo nilitaka kuandika: mnaona, simu haifai. Lakini kanga nayo haina cha kukupa hapa. Herufi za jina la kanga ni kubwa, nyoofu, hazina pambo. Na ni sawa ziwe hivyo, maana pindo na mji vimeshapaza sauti, na jina sharti lisomwe na jirani anayepita. Kanga za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilikuwa na nafasi nyingine, kwa kuwa hati ile unaweza kuuvuta mstari wa herufi ukajaza pengo. Hizi za Kilatini ukizivuta zinachekesha.

Kwa hiyo mpangilio utoke kwenye kanga au mlangoni, na umbo la herufi litoke popote, hata kwenye simu, likishapita mtihani mmoja: andika HARAKA, MWANANCHI na NG'OMBE kwa alfabeti hiyo. Ya kwanza inapima A. Ya pili inapima M na W zikikaa pamoja, ambapo wino hujaa. Ya tatu inapima kile kikoma cha ng', ambacho kwenye herufi zenye majani humezwa, na neno likabadilika kusomwa. Usijali ikiwa Q na X ni mbaya. Huzihitaji. Na popote A inapogusana na W au Y, zisogeze karibu kuliko rula inavyosema. Mishazari yake huacha shimo. O na S zipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo huonekana ndogo.

Karatasi iwe ya gramu 160 kwa mita ya mraba kwenda juu, kwani kwenye ile ya 80 wino wa kalamu ya maka hupenya hadi upande wa pili. Mistari ya mwongozo ichorwe kwa penseli ngumu ya 2H, wino ukauke kabisa ndipo ufute. Msimu wa masika karatasi hunywa unyevu na wino hutambaa, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza.

Haya yote ni kwa kichwa cha maneno manne au matano. Shairi zima la beti sita sitathubutu kulipamba herufi kwa herufi; pamba herufi ya kwanza ya kila ubeti, nyingine ziandike wazi. Na kama ukurasa una aya ya Qurani, pindo libaki la majani na nyota, bila samaki wala ndege.